Mkwaju wa mwisho uliochanganya harusi mbili

Maswali ya wasomaji kuhusu kompyuta na programu

SWALI: Ndugu Mhariri, nawasalimu kutoka Katuba, hapa Lubumbashi, ambako ninafanya kazi katika studio ya picha. Kila harusi tunayopiga ina dosie yake kwenye kompyuta, na kwa kuwa umeme hukatika bila taarifa na tumekwisha kupoteza diski ya ndani mara moja, niliandika programu ndogo kwa lugha ya Python ambayo hunakili dosie ya mteja na kuiweka kwenye diski ya nje. Sehemu inayochagua mahali pa kuweka picha ni mistari hii mitatu:

jina = os.path.basename(chanzo)
lengo = os.path.join(diski, jina)
os.makedirs(lengo, exist_ok=True)

Mimi huandika njia ya dosie kwa mkono, na kwa miezi mingi sikuona tatizo. Juma lililopita kazi hiyo aliifanya mdogo wangu. Aliandika herufi chache za mwanzo, akabonyeza Tab, kompyuta ikamalizia jina lote, akabonyeza Enter. Akafanya hivyo kwa harusi mbili, ya Jumamosi na ya Jumapili. Tulipofungua diski hatukukuta dosie mpya hata moja. Picha zilikuwa zimemwagwa juu kabisa ya diski, na kwa sababu sisi huanza upya hesabu ya kamera kwa kila kazi, DSC_0001.JPG ya Jumapili ilikuwa imeifuta DSC_0001.JPG ya Jumamosi, na kuendelea hivyo hadi picha ya 412. Harusi ya Jumamosi ilikuwa na picha 530, kwa hiyo kilichobaki kwake ni picha 118 za mwisho: ukitazama zote kwa mfuatano, bibi harusi mmoja anaingia kanisani na mwingine anakata keki. Mdogo wangu alikosea wapi, na je, picha zinaweza kupatikana? — *Mpiga picha, Katuba*

JIBU: Mdogo wako hakukosea. Kwenye Linux, unapobonyeza Tab katika dirisha la amri, jina hukamilishwa, na likiwa ni jina la dosie (au folda, kama wanavyoandika wenzetu wa Nairobi na Dar es Salaam; nitatumia neno hilo kuanzia hapa) huongezwa mkwaju mwishoni ili uweze kuendelea kuandika kilichomo ndani yake. Mkwaju ni ile alama / ambayo vijana huiita slashi. Wewe uliandika /kazi/picha/harusi_katuba. Yeye alipeleka /kazi/picha/harusi_katuba/. Kwa jicho la mtu hiyo ni njia moja. Kwa os.path.basename ni njia mbili zenye majibu mawili: ya kwanza inatoa harusi_katuba, na ya pili inatoa jina tupu, lisilo na herufi hata moja.

Fuata sasa jina hilo tupu linavyopita katika mistari yako. Mstari wa pili unaliunganisha na njia ya diski. Ukimpa os.path.join kipande cha mwisho ambacho ni kitupu, halalamiki, bali huweka mkwaju mwishoni na kukurudishia /media/diski/, ambayo ni diski yenyewe. Mstari wa tatu unaombwa utengeneze folda hiyo. Folda ipo tayari, na wewe mwenyewe umekwisha kumwambia, kwa maneno exist_ok=True, kwamba akiikuta asiseme kitu. Akanyamaza. Kuanzia hapo kila picha ilikuwa inakwenda mahali ambapo programu iliamini kwa dhati kuwa ni folda ya harusi. Maneno hayo ya exist_ok watu huyanakili kutoka mfano mmoja hadi mwingine bila kuyafikiria, nami ningeyaondoa kwanza kabla ya kugusa kitu kingine: bila hayo programu ingesimama kwa kosa kwenye harusi ya kwanza, na usingekuwa na sababu ya kutuandikia.

Kuhusu mkwaju wenyewe, dawa fupi ni kuipitisha njia katika os.path.abspath kabla ya kuuliza jina lake, yaani os.path.basename(os.path.abspath(chanzo)). Fanksheni hiyo (fanksheni ni kipande cha programu kinachoitwa kwa jina ili kifanye kazi moja) huifanya njia kuwa kamili na huondoa mikwaju ya mwisho, hata ikiwa ni mitatu. Ina tabia mbili za kuangalia. Ukiipa njia tupu itakupa folda uliyomo wakati huo, kwa hiyo hakikisha kwanza kwamba mtumiaji ameandika kitu. Na ukiipa mzizi wa diski, yaani folda ya juu kabisa, ambao huandikwa kwa mkwaju peke yake, jina bado litakuwa tupu, kwa sababu mzizi hauna jina. Hapo programu ikatae kuendelea na iseme ni kwa nini.

SWALI: Mbona mnazunguka? Mimi huandika chanzo.rstrip('/') na mambo yanaisha. — *Msomaji, Kampemba*

JIBU: Yanaisha hadi siku mtu atakapokupa mzizi. Chukua njia ambayo ni / peke yake: ukiiondolea mikwaju ya mwisho inabaki tupu, na njia tupu ikiunganishwa na jina la faili huwa ni jina la faili tu, yaani faili iliyomo katika folda uliyosimama. Programu iliyoombwa kusoma juu kabisa ya mfumo sasa inasoma mahali pengine, bila onyo. Kama kazi yake ni kufuta, sihitaji kuendelea.

Kwenye Windows jambo hilo limejificha zaidi. Mzizi wa diski ya D huandikwa D:\ na ukiuondolea mkwaju uliolala nyuma unabaki na D: ambayo pia ni njia halali, ila maana yake ni folda ya sasa ndani ya diski ya D, na hiyo inaweza kuwa yoyote. Mkwaju wa mwisho hapo si pambo. Ndio unaobeba maana yote. Zaidi ya hayo, Windows hukubali mikwaju ya aina zote mbili, kwa hiyo rstrip('/') inakosa nusu ya kazi. Lakini ukiongeza na mkwaju wa nyuma kisha programu ikahamia Linux, unaweza kulikata jina halali, kwa kuwa Linux huiona alama \ kama herufi nyingine yoyote ya jina la faili. Waandishi wa .NET, jukwaa la programu la Microsoft, walipoongeza fanksheni ya kuondoa kitenganishi cha mwisho, katika .NET Core 3.0 ya mwaka 2019, waliiandika iuache mzizi ulivyo. Kama maktaba unayoitumia, yaani mkusanyo wa fanksheni zilizoandikwa tayari, ina fanksheni ya namna hiyo, itumie hiyo, maana aliyeiandika alikwisha kuifikiria mizizi.

SWALI: Mwalimu wetu wa chuo alitufundisha kuwa amri ya basename katika Unix, mfumo ambao Linux inaufuata, hurudisha jina la folda hata njia ikiishia kwa mkwaju. Nimejaribu, na ni kweli. Kwa nini basi Python, yenye fanksheni ya jina hilohilo, inarudisha jina tupu? Nani ana haki? — *Mwanafunzi wa informatiki, Lubumbashi*

JIBU: Mwalimu wako amesema kweli, na Python yenyewe inakiri tofauti hiyo katika maelezo yake rasmi. Chanzo chake ni kwamba wanajibu maswali mawili tofauti. Amri ya Unix inauliza: kitu hiki kinaitwaje? Folda inayoitwa picha inaitwa picha, uandike mkwaju usiandike. Fanksheni ya Python inauliza: baada ya mkwaju wa mwisho kuna maandishi gani? Hukata njia pale pale na kukupa vipande viwili, cha kushoto kutoka dirname na cha kulia kutoka basename, na ahadi yake ni kwamba ukiviunganisha tena utarudi ulikotoka. Ikiwa mkwaju ndio herufi ya mwisho, kipande cha kulia hakina kitu. Tokeo lake ni kwamba dirname ya /kazi/picha/ si /kazi, kama wengi wanavyotegemea, bali ni /kazi/picha. Nimewahi kuona programu iliyopanda ngazi mbili juu kwa kuita dirname mara mbili, ikawa inapanda moja tu kila mtu alipotumia Tab. Aliyeiandika alitumia siku nzima akishuku diski.

Maktaba zimegawanyika kufuatana na swali zililolichagua. Path.GetFileName ya .NET iko upande wa Python na hurudisha jina tupu. Kadhalika std::filesystem ya lugha ya C++, iliyoingia katika toleo la 2017. Maktaba ya Boost ambamo ilizaliwa ilikuwa ikirudisha nukta moja, jibu ambalo lina mantiki yake lakini ambalo sijamwona mtu akilifurahia. Upande wa pili ziko zana nyingine za kuandikia programu, Go, Rust na Node.js: ukizipa /kazi/picha/ zote tatu hukurudishia jina picha. Java huuondoa mkwaju mara tu unapotengeneza File au Path, hivyo swali halifiki mbali. Na Python ina nyumba mbili chini ya paa moja, kwa kuwa pathlib, maktaba yake nyingine ya njia iliyoingia na toleo la 3.4 mwaka 2014, huutupa mkwaju wa mwisho mlangoni, Path('/kazi/picha/').name ni picha, na Path('picha/') ni sawa kabisa na Path('picha').

Sasa, nani ana haki? Kwa programu ya kawaida mimi nipo pamoja na pathlib. Lakini mkwaju ukitupwa kuna kitu kinachopotea, na inafaa ujue ni kipi. Kwa kanuni za POSIX, ambazo ni kanuni za pamoja za mifumo ya jamii ya Unix, njia inayoishia kwa mkwaju ni dai: aliyeiandika anasema kwamba kitu hiki ni folda. Andika cat barua.txt/ kwenye Linux na mfumo utakukatalia ukisema kwamba hiyo si folda, ijapokuwa faili ya barua.txt ipo mbele yako. Dai hilo huonekana wazi zaidi kwenye viungo, yaani yale majina madogo yanayoelekeza kwenye folda iliyo mahali pengine. Ukiandika ls -l kiungo unaonyeshwa kiungo chenyewe. Ukiandika ls -l kiungo/ unaonyeshwa vilivyomo katika folda ya upande wa pili. Herufi moja ndiyo inayoamua kama umesimama mlangoni au umeingia ndani. Ukiandika maktaba ambayo watu wataitumia kufuta au kuhamisha viungo, usiitupe herufi hiyo kabla hujausoma ujumbe wake.

Kwa hiyo kanuni ninayoifuata ni hii: njia inapoingia katika programu, kutoka kwa mtumiaji au kutoka faili ya mipangilio, iamuliwe hapohapo, mara moja, kama mkwaju wake una maana kwa kazi hii au hauna, kama hauna, uondolewe kwa fanksheni ya maktaba, na kuanzia hapo sehemu zote za ndani zipokee njia za sura moja. Programu zinazotesa watu ni zile ambamo kila fanksheni inakagua mkwaju kivyake, moja inaongeza, nyingine inatoa. Njia zikihifadhiwa hivyo katika hifadhidata kama maandishi, folda moja itahesabiwa mara mbili, mara yenye mkwaju na mara isiyo nao.

SWALI: Programu yangu kwenye Windows haianzi kabisa. Nimeandika r'D:\picha\' kama nilivyoona katika somo moja, na Python inasema kuna kosa katika mstari huo. — *Msomaji, Kamalondo*

JIBU: Herufi r mbele ya maandishi huiambia Python isiitafsiri alama \ iliyomo ndani. Hata hivyo maandishi ya namna hiyo hayaruhusiwi kuishia kwa mkwaju mmoja wa nyuma, kwa sababu Python inauona umeikinga alama ya kunukuu inayofuata, yaani umeifanya herufi ya kawaida isiyofunga maandishi, na hivyo inaendelea kuutafuta mwisho ambao haupo. Andika 'D:/picha', na Windows itakuelewa. Kwenye kibodi ya Kifaransa ambayo wengi wetu tunayo hapa utaokoa na vidole pia, maana / ni Shift na kitufe cha nukta mbili, ilhali \ inataka AltGr na 8.

Kuna ndugu wa kosa hilo anayetokea katika dirisha la amri. Ukiandika "D:\picha za harusi\" ndani ya alama za kunukuu, mkwaju wa mwisho huikinga alama ya kufungia, na programu hupokea njia yenye alama ya kunukuu iliyogandamana mwishoni. Ujumbe wa kosa utasema folda haipo, nawe utaitazama ikiwa wazi kwenye skrini. Ondoa mkwaju huo.

Wengine huuliza kwa nini Windows ilichagua mkwaju wa kinyume. Toleo la kwanza la MS-DOS, la mwaka 1981, halikuwa na folda, na alama / ilikuwa tayari inatumika kwa vichagulio vya amri, yaani nyongeza zinazobadili namna amri inavyofanya kazi. Folda zilipokuja na toleo la 2.0 mwaka 1983 nafasi ilikuwa imekwisha kukaliwa.

SWALI: Ninatunza kompyuta ya pamoja inayohifadhi faili za wateja kadhaa. Kabla ya kumpa mtu faili, programu yangu hukagua kama njia inaanza na folda yake, kwa mfano /data/ruashi. Rafiki yangu amesema ukaguzi huo hautoshi. — *Msomaji, Ruashi*

JIBU: Rafiki yako amekuokoa. Njia /data/ruashi_siri/mkataba.pdf nayo inaanza na /data/ruashi, herufi kwa herufi, na ukaguzi wako utaipitisha. Hapa kitenganishi cha mwisho, ambacho tangu mwanzo tunakiondoa, ndicho kinachohitajika: linganisha na /data/ruashi/ na jirani atabaki nje. Ila usikiongeze kwa mkono bila kuangalia, kwa sababu mipangilio yako ikiwa tayari imeandikwa na mkwaju utapata miwili, na hakuna njia itakayoanza hivyo. Wateja wako wote watafungiwa nje asubuhi moja, nao hawatakuuliza kwa upole.

Bora zaidi ni kuacha kulinganisha herufi na kulinganisha vipande vya njia. Python ina os.path.commonpath tangu toleo la 3.5, na Path.is_relative_to tangu toleo la 3.9. Usizichanganye na os.path.commonprefix, ambayo hulinganisha herufi tu na ina udhaifu uleule wa kwako. Tena kabla ya kulinganisha, ipitishe njia katika resolve, maana is_relative_to hutazama maandishi peke yake, na /data/ruashi/../ruashi_siri (nukta mbili maana yake ni kurudi folda moja juu) kwake iko ndani ya /data/ruashi.

KWA NDUGU WA KATUBA, TENA: Ulituandikia mara ya pili kueleza kwamba jirani amekushauri uache Python na utumie rsync, amri ya kunakili faili. Ni chombo kizuri, lakini jua kuwa rsync -a harusi_katuba /media/diski hutengeneza folda ya harusi_katuba ndani ya diski, na rsync -a harusi_katuba/ /media/diski humwaga vilivyomo moja kwa moja juu ya diski. Huko tofauti hiyo imewekwa kwa makusudi na imeandikwa katika maelezo yake. Mdogo wako na Tab yake wangefanya mmwago uleule. Vilevile, ukiita rsync kutoka ndani ya programu yako na njia umeipitisha katika pathlib, mkwaju uliouweka kwa kusudi utakuwa umekwisha kutupwa, na utakuta folda ndani ya folda. Uongeze tena mwishoni, pale unapoiita amri tu.

Kuhusu picha, kuna jambo la kukutuliza: programu yako inanakili, haihamishi. Tazama kwanza folda mbili za asili kwenye kompyuta, kisha kadi za kamera. Zikiwepo, zinakili upya katika folda zenye majina kamili, uzihesabu, 530 na 412, ndipo uisafishe diski. Ikiwa folda za asili zimefutwa na kadi zimetumika tena, chomoa diski na usiandike chochote juu yake, hata faili moja, kwa kuwa faili iliyoandikwa upya huachia nafasi yake ya zamani na picha ya Jumamosi inaweza kuwa bado imelala humo hadi kitu kingine kiikalie. Programu ya PhotoRec hupekua nafasi hizo na kutambua picha za JPEG kwa alama zake za mwanzo. Haitakurudishia majina, bali lundo la picha zenye namba ngeni. Lakini kila picha ya kamera hubeba ndani yake tarehe na saa iliyopigwa, kwa hiyo, mradi saa ya kamera ilikuwa imepangwa, lipange lundo hilo kwa tarehe na Jumamosi itajitenga na Jumapili.